Mdachi wa Momella

Alipofariki Hardy Krüger huko Palm Springs, California, tarehe 19 Januari 2022, akiwa na umri wa miaka 93, Wajerumani walimlilia mwigizaji. Walimkumbuka kijana wa nywele za manjano aliyekuwa miongoni mwa waigizaji wa mwanzo wa Kijerumani waliopokewa na watazamaji wa Uingereza, Ufaransa na Marekani baada ya vita. Ni wachache waliokumbuka kuwa marehemu alikuwa mwandishi pia, na wachache zaidi waliokumbuka kuwa uandishi wake una mizizi Tanzania, katika shamba la Momella lililo mashariki ya Mlima Meru, si mbali na mji wa Arusha. Kitabu chake cha mwanzo, Eine Farm in Afrika, kilitoka mwaka 1970 nacho chahusu shamba hilo. Mwaka uliofuata kikatoka Sawimbulu, kitabu alichowaandikia watoto, chenye jina ambalo msomaji wa pwani hatalikuta katika kamusi yoyote ya Kiswahili.

Mtu anayeanza kuandika akiwa amekwisha kupata umaarufu katika kazi nyingine aghalabu hushukiwa. Husemwa kuwa ameuza jina lake, si maneno yake. Kwa Krüger shaka hiyo si ya haki. Aliandika kwa zaidi ya miaka thelathini, riwaya, hadithi fupi na vitabu vya safari, na mwenyewe alipenda kuitwa mwandishi kuliko mwigizaji. Ili kufahamu kwa nini kalamu ilimjia Momella na si Berlin, hapana budi kurejea utotoni mwake.

Alizaliwa tarehe 12 Aprili 1928 katika mtaa wa Wedding, Berlin, kwa wazazi waliomwamini Hitler. Alipotimia miaka kumi na mitatu alipelekwa Sonthofen, kusini ya Ujerumani, katika mojawapo ya shule zilizobeba jina la Hitler mwenyewe, mahali walipofinyangwa vijana wa kuitawala dunia iliyokuwa ikitekwa. Humo alisomeshwa kwamba kuna damu bora na damu duni, na kwamba ardhi ni haki ya mwenye nguvu. Mwaka 1944 alichaguliwa kuigiza katika filamu ya Junge Adler, iliyotengenezwa kuwapandisha vijana mori wa vita, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mwigizaji mkubwa kwake, Hans Söhnker, alimweka kando akamweleza yale yasiyosemwa hadharani, habari za kambi na za mauaji. Kwa mujibu wa maelezo ya Krüger mwenyewe, ndiye aliyemfumbua macho.

Mwaka uliofuata, kabla hajatimia miaka kumi na saba au karibu na siku hizo, alitiwa katika kikosi cha SS kilichoitwa Nibelungen, na katika siku za mwisho za vita akaamriwa kuwapiga risasi askari wa Kimarekani. Hakufyatua. Alihukumiwa kifo kwa kosa la woga, na akaokolewa na ofisa mmoja aliyemhurumia. Kisa hicho alikisimulia mara nyingi katika uzee wake, na mwaka 1983 alikitilia msingi wa maisha hayo ya ujana katika riwaya ya Junge Unrast. Mtoto aliyepitia hayo hawezi kudhani kuwa hadithi wanazosimuliwa watoto ni mchezo. Aliijua sumu yake, maana aliinyweshwa.

Baada ya vita aliingia katika michezo ya jukwaani, kisha filamu. Mwaka 1957 Waingereza walimpa nafasi ya rubani wa Kijerumani aliyetoroka mikononi mwao, katika The One That Got Away, na jambo hilo, miaka kumi na miwili tu baada ya mabomu, halikuwa dogo. Kisha akaja mwongozaji wa Kimarekani, Howard Hawks, aliyekuwa akitafuta waigizaji wa filamu juu ya watu wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama za Ulaya na Marekani. Filamu hiyo ni Hatari!, na upigaji wake Tanganyika ulianza mwishoni mwa mwaka 1960 ukaendelea hadi mwaka 1961. Nyota wake alikuwa John Wayne. Krüger alikuwa Kurt, Mjerumani dereva wa magari ya mashindano. Kifaru na twiga walifukuzwa kweli na kukamatwa kweli, na waigizaji wenyewe walikuwa ndani ya magari.

Makao ya hao wakamata wanyama katika filamu yalikuwa Momella. Krüger aliipenda ardhi ile, akainunua sehemu yake na kuhamia. Nyumba ikajengwa, na hoteli ya wageni pia. Ng'ombe na mazao vikatafutiwa nafasi kati ya nyati na tembo. Mpango wake ulikuwa kufanya filamu ili alipe gharama za shamba, kisha arudi shambani. Katika miaka hiyohiyo aliigiza katika Les Dimanches de Ville d'Avray, filamu ya Kifaransa iliyopata tuzo ya Oscar, na katika The Flight of the Phoenix ya mwaka 1965. Basi kila alipotoka Paris au Hollywood alirejea chini ya Meru, na kwa zaidi ya miaka kumi hapo ndipo palipokuwa nyumbani kwake.

Hapo yafaa kusimama kidogo juu ya mahali penyewe. Upande wa mashariki ya Meru, ambao ukuta wa shimo la volkano ulibomoka zama za kale ukamwagika bondeni, kuna maziwa madogo ya magadi yanayovutia heroe kwa maelfu. Siku ya mbingu safi mtu akisimama kandoni mwa maziwa hayo huona Meru upande mmoja, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, na Kilimanjaro upande wa pili, kama ndugu wawili wasiosemezana. Mbega hukaa katika msitu wa juu, twiga hushuka hadi majini. Yeyote mwenye jicho la mshairi angetaka kubaki.

Lakini Krüger hakuwa Mdachi wa mwanzo wa Momella. Kabla yake alikaa Margarete Trappe, aliyezaliwa mwaka 1884 na kuja na mumewe Ulrich mwaka 1907, wakati Wadachi walipokuwa wakigawa ardhi ya kaskazini kwa walowezi wao. Alipanda farasi, alifuga ng'ombe, aliwinda na kuwaongoza wawindaji matajiri. Katika Vita Vikuu vya Kwanza aliwasaidia askari wa von Lettow-Vorbeck. Wamasai walimwita Yeyo, yaani mama. Alifariki mwaka 1957, na habari zake zimeandikwa sana kwa Kijerumani, pamoja na riwaya ya Rolf Ackermann ya mwaka 2005, Die weiße Jägerin, yaani mwindaji mweupe wa kike. Momella, kwa hiyo, ilikwisha kuwa ngano katika masikio ya Wajerumani kabla Krüger hajaishika kalamu.

Na kabla ya Trappe? Hapa ngano za Kijerumani hutulia kimya. Katika mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Meru walipofika kutafuta mahali pa kujenga. Kisasi kilichofuata kiliongozwa na Kapteni Kurt Johannes, na kwa miaka kadhaa nyumba zilichomwa, mifugo ikachukuliwa na wazee wa Meru na Arusha wakauawa. Boma la Arusha, ambalo leo ni makumbusho, lilijengwa mwishoni mwa karne hiyo katika hali hiyo. Kisha ardhi ya kuzunguka mlima ikakatwa vipande, baadhi wakapewa Wadachi na baadhi Makaburu kutoka Afrika ya Kusini, hata Wameru wakajikuta wamebanwa kati ya msitu wa serikali juu na mashamba ya wageni chini, wakiwa hawana njia ya kupeleka ng'ombe wao malishoni.

Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Vita vya Wadachi vya miaka ya 1888 na 1889 vilipata mtunzi wake, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga, aliyevitia katika utenzi wakati moshi wa mizinga ungali puani mwa watu. Bara hakukutokea Hemedi wa Meru kwa maana ya mtu aliyeandika beti. Kulitokea mtu wa aina nyingine, naye silaha yake pia ilikuwa maneno.

Baada ya Wadachi kuondolewa, Waingereza waliipokea Tanganyika kwa udhamini. Mwaka 1947 ilitolewa taarifa ya Jaji Mark Wilson juu ya ardhi ya Arusha na Moshi, iliyopendekeza kupangwa upya kwa mashamba ili Wazungu wawe pamoja upande mmoja na Waafrika upande mwingine. Katika mpango huo, Wameru waliokuwa wakikaa Ngare Nanyuki na Leguruki, katika mashamba namba 31 na 328, walitakiwa waondoke wahamie King'ori, mahali pa chini penye joto na maradhi ya mifugo. Walikataa. Tarehe 17 Novemba 1951 wakaja askari. Nyumba zilitiwa moto, ng'ombe wakaswagwa, na watu wapatao elfu tatu wakatolewa ili kuwapisha wafugaji wachache wa Kizungu.

Wameru hawakushika mikuki. Walichanga fedha, wakaunda chama chao, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet hadi New York, akifuatana na mwanasheria wao Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kisha mbele ya Kamati ya Nne ya Mkutano Mkuu, miaka mitatu kabla Julius Nyerere hajafika huko. Kamati iliwaunga mkono Wameru. Katika Mkutano Mkuu azimio likakosa theluthi mbili za kura zilizohitajika. Ardhi haikurudi kwa kura hiyo. Lakini Kirilo aliporejea alizunguka Tanganyika akiwaeleza watu yaliyotokea, na ilipoundwa TANU tarehe 7 Julai 1954, habari ya Meru ilikuwa imekwisha kuwafikia wengi.

Ngare Nanyuki ni jirani ya Momella. Ni mwendo wa mguu. Krüger alifika miaka tisa tu baada ya moto ule, na watoto waliobebwa mgongoni siku ile walikuwa ndio kwanza wanatia akili walipoyaona magari ya filamu yakipita vumbini. Ni haki kusema kwamba Momella haikuwa mojawapo ya mashamba yale mawili, na kwamba yeye hakumfukuza mtu. Vilevile ni haki kusema kwamba katika Hatari! mtazamaji huona mbuga kana kwamba zimeumbwa jana kwa ajili ya wakamata wanyama. Waarusha wanaonekana wakimfanyia sherehe mwanamke mgeni na kumpa jina la Mama Tembo. Hawaulizwi ardhi ni ya nani. Filamu ilipotoka mwaka 1962, Tanganyika ilikuwa na uhuru wa nusu mwaka.

Hapo ndipo lilipo jambo la kumfikirisha msomaji wa Krüger. Huyu alikuwa mtu aliyeukataa ubaguzi kwa kuhatarisha shingo yake, akiwa kijana wa miaka kumi na sita au saba. Aliyeichukia ile elimu ya damu na ardhi hadi kufa kwake, na ambaye mwaka 2013, akiwa na miaka themanini na mitano, alianza kampeni ya kuwazindua vijana wa Kijerumani wasirudie njia hiyo. Alikuja chini ya Meru kutafuta mahali ambapo kivuli cha Hitler hakingemfikia, akapapata. Lakini mahali penyewe palikuwa na kivuli chake, kilichoachwa na Wadachi wa zamani za babu zake na kurefushwa na Waingereza. Mtu anayekimbia moto wa kwake si rahisi kunusa jivu la jirani. Si lawama hiyo, ila asiyeitia katika hesabu atakisoma kitabu cha Momella nusunusu.

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, katika mji uleule alikokuwa akinunulia mahitaji ya shamba. Mkondo wa nchi ulibadilika. Umiliki wa ardhi wa kudumu ulikuwa umekwisha kufutwa tangu mwaka 1963, na shamba kubwa la mgeni mmoja halikuwa tena jambo la kujivunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Krüger aliondoka. Eine Farm in Afrika ni kitabu cha mtu anayeandika angali na mapenzi, karibu na wakati wa kuachana. Jina lake lamkumbusha msomaji Karen Blixen, Mdenmark wa vilima vya Ngong, aliyeandika juu ya shamba lake la Kenya baada ya kulipoteza. Walowezi wa Ulaya waliandika vizuri zaidi juu ya ardhi ya Afrika walipoikosa au walipoanza kuikosa. Hilo lingetosha kuwa somo la makala nyingine.

Miaka mitatu kabla ya kitabu cha Krüger, mwaka 1967, kilitoka Nairobi kitabu kingine kutoka ardhi hiyohiyo. Ni The Meru Land Case, cha Kirilo Japhet na Earle Seaton, nacho chasimulia kesi ile kuanzia kufukuzwa hadi New York. Kina ukavu wa nyaraka za mahakama, na hakina twiga hata mmoja wa kupendeza. Lakini mtu akiviweka vitabu hivi viwili pamoja mezani ataona vyajibizana bila ya waandishi wake kukusudia. Kimoja chauliza mtu afanye nini ili aistahili ardhi aliyoipenda. Kingine chauliza nani aliyekupa ruhusa ya kuipenda kabla ya kubisha hodi. Kimoja ni cha Kijerumani, kingine cha Kiingereza. Kwa mfasiri wa Kiswahili hiyo ni kazi inayongoja, na mwenye kuifanya asifasiri kimoja akaacha cha pili.

Upo pia upande wa lugha, ambao wapenzi wa mashairi hawatausamehe ukipuuzwa. Filamu iliyompeleka Krüger Momella ilibeba jina la Kiswahili kwenye mabango ya dunia nzima. Neno hatari, tulilolipokea kwa Waarabu tukalilainisha kwa ulimi wetu, lilitamkwa na watoto wa Hamburg na Chicago bila ya kujua walikuwa wakisema Kiswahili. Na binti yake aliyezaliwa mwaka 1967, katika miaka ya Momella, Krüger alimwita Malaika. Neno hilo nalo lina asili ya Kiarabu na makazi ya Kiswahili, na katika miaka hiyo wimbo uliobeba jina hilo ulikuwa ukiimbwa Afrika Mashariki nzima. Mtu hampi mwanawe jina la lugha asiyoijali.

Watoto ndio wanaotupeleka kwa Mjerumani mwingine, anayesaidia kumpima wa kwanza. Hermann Schulz alizaliwa mwaka 1938 Nkalinzi, katika nchi ya Kigoma, mtoto wa mmisionari. Alikulia Ujerumani, na kutoka mwaka 1967 hadi 2001 aliiongoza nyumba ya uchapishaji ya Peter Hammer huko Wuppertal, iliyowafungulia mlango waandishi wa Amerika ya Kusini na Afrika. Riwaya yake ya mwanzo, Auf dem Strom, aliitoa mwaka 1998, alipofikia miaka sitini. Mmisionari amempakia binti yake mgonjwa katika mtumbwi, wanateremka mtoni kutafuta hospitali, na njiani anayeelimishwa ni mmisionari mwenyewe, na wanaomwelimisha ni wanakijiji anaolala kwao. Mwaka 2003 ikafuata Zurück nach Kilimatinde, na mwaka 2010 Mandela & Nelson, hadithi ya watoto wa Bagamoyo wanaojiandaa kucheza mpira na timu ya watoto wa Kijerumani, huku kiwanja hakijawa tayari. Nelson ni nahodha na Mandela ni dada yake pacha.

Katika hadithi za Schulz watoto wa Tanzania wanasema, wanabishana, wanafanya hila na kukosea. Mgeni anapofika anakuta mazungumzo yamekwisha anza. Pengine sababu ni kuwa Schulz aliandika miaka thelathini baadaye, dunia ikiwa imekwisha kusikia sauti nyingine. Pengine ni kuwa mtoto wa mmisionari husikia yaliyosemwa jikoni, ambayo mwenye shamba hafikishiwi. Krüger alikuwa jicho, jicho zuri la mtu aliyezoea kamera. Schulz ni sikio. Fasihi ya watoto huhitaji vyote viwili, lakini kwa msomaji wa Bagamoyo au Ngare Nanyuki sikio lina faida zaidi, maana mandhari anayo tayari dirishani kwake.

Baada ya Momella, Krüger hakuacha kuandika. Wer stehend stirbt, lebt länger ilitoka mwaka 1973, na nyingine zikafuata hadi uzeeni. Katika miaka ya 1980 na 1990 alizunguka dunia na kuwaonyesha Wajerumani safari zake katika televisheni. Alipohojiwa, Afrika hairukwi. Shamba lenyewe limekwisha gawanyika. Hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto ilipanuliwa hadi kwenye maziwa na mlima, na tangu mwaka 1967 yaitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Nyumba ya zama za Krüger ni hoteli ya watalii, nayo imepewa jina la Hatari. Wageni hunywa chai ya asubuhi wakiwatazama nyati kwenye tope la bonde. Upande wa pili wa lango la hifadhi, katika mashamba ya Ngare Nanyuki, Wameru wanalima nyanya na vitunguu, na malori huzipakia jioni kuzipeleka Arusha.